Vikofia vya Kunyonyeshea

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na afya yake na njaa yake, na mimi chuchu zangu zilikuwa zimelala ndani. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili. Za wenzangu zimesimama, mtoto akigusa tu anapata pa kushika. Zangu zilikuwa zimezama kama kitovu. Na mpaka siku ile sikujua kuwa ni taabu. Nilipovunja ungo nilifundwa kila kitu, namna ya kumwamkia mkwe, namna ya kukaa na mume, namna ya kuanika vitambaa vyangu mtu asivione, lakini katika wale makungwi wote hakuna aliyenitazama kifua akasema, wewe mwari, huko mbele una kazi.

Mtoto akiwekwa kifuani anafungua mdomo, anatafuta, anateleza, anakunja ngumi na kulia. Maziwa yalikuwapo. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye ilikuja kusemwa kuwa sikuwa nayo. Yalikuwapo, yanalowesha kanga mpaka naibadilisha. Mtoto ndiye hakujua ayachukulie wapi.

Kwetu mimba ya kwanza mtu huenda kuzalia kwao, mama yake amkande na kumlea mpaka arobaini iishe. Mama yangu alikwishatangulia mbele ya haki. Dada yangu, ambaye ndiye ndugu niliyebaki naye, anaishi Tegeta katika chumba cha kupanga. Basi arobaini yangu niliikalia kwa mama mkwe, Bagamoyo, njia ya kwenda Kaole. Mume wangu kazi yake iko Chalinze, anaziba matairi ya malori pale njia panda, nyumbani anakuja akipata nafasi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na mama mkwe, na mtoto.

Kabla sijaanza kulalamika nataka niseme haki ya huyu mama. Alinikanda maji ya moto kwa mikono yake mwenyewe asubuhi na jioni, na vidole vyake vina baridi yabisi. Alinipikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza ili maziwa yashuke. Nikiinama kushika ufagio ananipokonya. "Mzazi hafagii. Unataka tumbo lishuke, watu waseme nimekuua?" Kuna waliozaliwa tumbo moja hawafanyiani hivyo. Nimesoma darasa la saba tu na sijui kama naweza kulipanga jambo hili sawasawa, lakini najua kuwa nikilieleza bila wema wake nitakuwa nimesema uongo.

Alihangaika na hizo chuchu kabla yangu. Alizivuta kwa vidole vilivyopakwa mafuta ya nazi. Alijaribu chupa ya soda iliyotiwa maji ya moto, ikamwagwa, mdomo wake ukabandikwa kwenye titi ili livutwe. Ilivuta, na nilipiga yowe. Mwisho akaenda kwa jirani yetu wa nyuma, mwanamke wa makamo ambaye hana haya ya maneno, akaazima mtoto wake aliyekwishaota meno, anivute. Lile toto lilining'ata.

"Usilipige," jirani akasema huku anacheka. "Limezoea muhogo, limedhani ni chakula."

Mama mkwe naye akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Chuchu haikutoka.

Siku nilipompeleka mtoto kliniki mjini, nesi alimpima mara mbili, kisha akanifungua kifua akatazama. Alikuwa mtu wa haraka, nyuma yangu kulikuwa na benchi zima la kina mama. Aliniambia kuna kinga za chuchu, ni kama kikofia chembamba laini, chenye matundu nchani. Unakibandika juu ya titi, kinakuwa na ncha ndefu, mtoto anaishika, maziwa yanapita. Akasema Bagamoyo sijui kama utapata, tafuta Dar. Akasema pia kwamba nisivizoee mno, kila siku nijaribu kumpa titi tupu kidogo, na akimaliza kunyonya nikamue kwa mkono, maana vikofia vinaweza kupunguza maziwa. Na vichemshwe kila vikitumika. Nilijibu ndiyo kwa kila kitu. Sina hakika nilisikia vyote.

Dada yangu alivipata kwenye duka la dawa, akavileta mwenyewe. Viwili, ndani ya kijaluba cha plastiki. Mara ya kwanza nilipobandika, mtoto alishika, akatulia, akatoa macho kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kisha nikasikia kooni mwake, gu, gu, gu. Dada akakaa chini sakafuni. Niliyaona maziwa yangu mwenyewe yamejaa nchani mwa kile kikofia, meupe, na mtoto anayavuta. Katika uzazi wangu wote hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka bila uchungu wowote.

Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama.

"Sasa huyo ananyonya nani? Anakunyonya wewe au ananyonya plastiki?"

"Ananinyonya mimi, mama. Hiki ni njia tu."

"Haya. Njia." Akaondoka, akarudi na uji.

Jirani wa nyuma alipokuja kuniona na kukuta nimevaa alipiga makofi. "Jamani, titi limevaa kofia! Linakwenda maulidini?" Tangu hapo tukaviita vikofia, hata mama mkwe. Mzaha ule haukuniudhi. Siku hizo nilikuwa na furaha, sikuwa na nafasi ya kuudhika.

Nilikuwa nikivichemsha, nikivikausha, nikivifunga katika kitambaa cheupe na kukiweka juu ya nguo za mtoto. Ile ya kumpa titi tupu nilijaribu. Sikujaribu kila siku kama nilivyoambiwa, maana alikuwa akilia, na kuta zetu hazizuii kilio, na kila akilia sauti ya mama mkwe inatoka uani, "Vipi huko?" Basi ninarudisha kikofia, tunanyamaza wote.

Tulipokwenda kupima tena alikuwa ameongezeka, lakini kidogo. Nesi akasema si vibaya, endelea, kamua, mrudishe tumwangalie. Nyumbani neno "kidogo" likatembea peke yake. Jirani wa nyuma akaliokota. Alikuja kukaa barazani, akasema kwa ile sauti ya mtu asiyemsema yeyote, kwamba mtoto asiyeshika mwili ni wa kutazamwa, huenda amebemendwa. Kwa asiyejua, hilo ni tusi. Maana yake mzazi ameingiliana na mwanamume kabla ya wakati na amemharibu mtoto.

Mimi nilikuwa ndani nikasikia. Nikasikia na mama mkwe anavyomjia juu.

"Abemende na nani? Mwanangu yuko Chalinze na matairi yake. Huyu mzazi nalala naye mlango mmoja, hata dirisha simwachii. Au unataka kusema nimebemenda mimi?"

"Astaghafirullah, shoga, mimi nimesema watoto kwa jumla."

"Sema wa kwako kwa jumla."

Kwa hiyo sitasema kuwa hakunitetea. Alinitetea mahali ambapo wakwe wengine wangeuliza maswali. Lakini jioni ile alimchukua mtoto mapajani, akambonyeza mkono, akambonyeza paja, akasema polepole, kama anayesema na mtoto, "Baba yako alikuwa na mikunjo hapa, na hapa. Bibi atafanya nini?" Hakuwa akisema na mimi.

Arobaini ikakaribia. Kwa wasio wa pwani, siku hiyo mtoto anatolewa nje, ananyolewa nywele alizozaliwa nazo, wanawake wanakuja kusoma na kula, na mzazi anaachiliwa. Mama mkwe alijitayarisha kama kwa harusi. Mchele, kuku, halua, mikeka ya kuazima. Na kufukiza. Mama huyu haamini usafi usio na harufu. Kitu kikifuliwa kikakauka, kwake bado ni kichafu mpaka kipitishwe kwenye udi. Analo tenga lake la kufukizia, la ukindu, anaweka chetezo chini, makaa, udi na ubani, tenga linafunika, nguo zinatandazwa juu, moshi unapanda unaingia katika kila uzi. Kanga zake zikifuliwa mara ngapi bado zinanukia, na watu husifu.

Siku ya kuamkia arobaini nilikuwa uani ninasingwa liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri. Niliporudi chumbani, moshi umejaa, tenga limefunikwa, na juu yake zimetandazwa kofia ya mtoto, kanzu yake mpya, nepi, mashuka, kile kitambaa cheupe kikiwa kimefunguliwa, na vile vikofia viwili vimepangwa kama sahani za chai.

"Mama, na hivi navyo?"

"Navyo. Si vinaingia kinywani mwa mtoto? Vimetoka dukani, hatujui vimepita mikono ya nani. Na kesho nyumba itajaa watu, kila mtu na jicho lake. Nimevisomea na Kulhuwallahu."

Mtu amekuombea dua juu ya kitu chako. Nilisema, "Ahsante mama." Na nilikuwa na maana hiyo. Sikujua bado.

Vilikuwa vimegeuka rangi, kama meno ya mvuta tumbaku, na vimenyonya harufu. Nilipombandikia mtoto, alishika, akaacha. Akashika tena, akakunja uso, akatema, akapinda mgongo. Nikavichemsha. Nikaviosha kwa ndimu, kwa sabuni, nikaviweka juani kwenye ungo. Nikanusa, udi. Nikavichemsha tena mpaka mama mkwe akauliza kama ninapika. Mtoto akanusa akageuza kichwa. Nikampa titi tupu, akateleza, akalia kilio cha mwanzo kabisa, kile nilichodhani tumekwishaagana nacho. Nikakamua kikombeni nikamnywesha kwa kijiko. Hiyo ilitusogeza.

Ikafika arobaini yenyewe. Wanawake wamejaa ukumbini na barazani, wamependeza, na mtoto analia. Alilia wakati wa kunyolewa, watu wakasema wembe. Alilia wakati wa kutolewa nje, wakasema jua. Mimi nilikuwa nimepambwa hina na wanja, nimeketishwa juu ya mkeka, na kila nikitaka kuondoka niende kukamua kuna anayenishika mkono, "Mzazi, kaa, leo siku yako." Na nilipopata nafasi, kinachotoka ni matone.

"Mpeni mtoto chakula jamani," jirani wa nyuma akasema. "Arobaini gani hii ya msiba?"

"Vikofia anavikataa," nikasema. "Vimeshika udi."

Waliokuwa karibu wakacheka. Sidhani kama walicheka kwa ubaya. Ukilisikia kwa mara ya kwanza linachekesha. Mmoja akasema, "Mtoto wa kiume anaogopa udi, mke ataoaje?"

Katika zawadi kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na chupa. Nilitaka sana kuamini kwamba mama mkwe ndiye aliyelinunua na kuliweka tayari. Nikachunguza baadaye, si yeye. Liliingia na mgeni kutoka Mbegani, mke wa mtu anayefanya kazi chuoni kule, aliyetuletea na sabuni na blanketi. Mama mkwe alinitazama, akatazama kopo. Hakuniuliza. Alikwenda jikoni, akachemsha maji, akakoroga, akadondoshea mkononi kupima moto, akamchukua mtoto.

Alinyonya ile chupa kana kwamba amezaliwa nayo. Na wanawake wale, kwa sababu kilio kimekoma, kwa sababu wana huruma, kwa sababu ni siku ya furaha, walipiga vigelegele.

Mimi kifua kilikuwa kimelowa chini ya gauni jipya. Nilivuta ushungi nikafunika.

Nimejaribu kumhukumu mama mkwe kwa haki. Mume wangu nilipompigia simu alisema, "Mama hakujua. Angejuaje kuwa plastiki inashika moshi? Wewe ulijua?" Sikujua. Hilo ni kweli, na lingetosha kama ningeweza kulisahau jambo moja. Nilipolia siku ya pili baada ya arobaini na kumwambia, "Mama, umeona, hataki tena," hakushangaa. Alisema, "Labda ndiyo heri. Azoee kitu kinachoeleweka." Kwa hiyo mimi sijui. Labda alisema hivyo kunifariji, watu husema "labda ndiyo heri" hata mtu akifa. Anayejua ni yeye na Mungu, na sitamuuliza, maana nikimuuliza na hakukusudia nitakuwa nimemtukana aliyenikanda.

Dada alitafuta vingine, na haikuwa mara moja, duka la kwanza vilikuwa vimekwisha. Alipovileta, vipya, visivyo na harufu yoyote, mtoto alivishika, akavuta kidogo, akangoja. Kwenye chupa hakuna kungoja, maziwa yanamjia. Akavuta tena, akakasirika, akaanza kutafuta kwa macho. Alikuwa akimtafuta bibi yake.

Nesi alisema bado inawezekana. Nikae naye kifua wazi, ngozi kwa ngozi, nimpe titi kabla hajashikwa na njaa kali, nipunguze chupa polepole, nikamue sana. Nilirudi na maneno hayo yote kichwani nikiyakariri njiani nisiyapoteze.

"Mama, naomba leo nimpe mimi kwanza. Chupa baadaye kidogo."

"Baadaye lini?"

"Akijaribu. Akilia kidogo si neno."

"Nimwache mjukuu wangu alie njaa na maziwa yapo?" Hakupandisha sauti. "Mwanangu, mwangalie. Amejaa. Siku zile nilikuwa naona mbavu."

Na ni kweli alikuwa amejaa. Mapaja yalikuwa yameanza kufanya ile mikunjo. Kliniki nesi mwenyewe alisema uzito umepanda vizuri. Nikimtetea mtoto asipewe chupa, namtetea dhidi ya nini? Nilikuwa na neno moja tu, kwamba ni wangu na maziwa ni yake, nalo halikutosha kusema mbele ya watu. Kila nilipomchukua nimjaribu alikuwa ameshiba tayari, amelala mgongoni mwa bibi yake, na midomo ina povu jeupe. Ningeweza kugomba. Wengine wangegomba. Mume wangu alipokuja alimbeba mtoto juu, akampima kwa mikono, akafurahi. "Si ameshiba? Unataka nini tena?" Aliuliza kwa kweli, alitaka kujua. Nilichotaka, ningekisema, hata yeye angekiona kidogo.

Mwanangu hajadhurika. Ni mtoto wa mbio, wa kelele, haugui ovyo. Nikiwasikia wanaosema kwenye redio kuhusu maziwa ya mama, naizima, si kwa sababu ni uongo. Akianguka anamkimbilia bibi. Watoto wengi humkimbilia bibi, najua.

Siku zile maziwa yalichelewa kidogo kukubali kushindwa kuliko mimi. Titi la kushoto lilivimba, likawa gumu na la moto, nikatetemeka kwa homa. Nesi alinipa dawa ya homa na maumivu, akaniambia niendelee kukamua. Nilikamua mara mbili, nikayamwaga shimoni, mara ya tatu sikuweza. Mama mkwe akaja na kanga, ile nzito ambayo haijalegea kwa kufuliwa, akasema, "Tuyafunge yakauke. Utaumwa bure."

Alinisimamisha katikati ya chumba, akaniambia niinue mikono. Alianza kuzungusha kanga kifuani, taratibu, akiangalia pale panapouma apite kwa upole. Ni mtu anayejua kufunga. Alifunga wangapi sijui. Nilimtazama utosi, umeanza kuonyesha mvi pale hina ilipokwisha, na nikatafuta chuki moyoni nikaikuta, lakini ilikuwa imechanganyika na vitu vingine, haishikiki.

"Nimekubana?"

"Hapana, mama."

Alikuwa amenibana. Akapita nyuma yangu, akavuta tena, akaweka goti kidogo kiunoni kwangu apate nguvu, akapiga fundo mgongoni, mahali mkono wangu haufiki. Kisha akanishusha mikono mwenyewe, mmoja mmoja, akatoka kwenda kukoroga chupa.